Siku Ambazo Byabato Hakula

Kama serikali ingekuwa inatoa nishani kwa watu wanaofuata maelekezo, Felicitas wa Kamachumu angepewa ya kwanza. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangaza kwamba kila nyumba ichimbe choo, cha kwake kilikuwa kimeshaezekwa kabla balozi wa nyumba kumi hajaanza kuchimba cha kwake mwenyewe. Aliambiwa achemshe maji ya kunywa, akachemsha hata ya mvua. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne kwa masista, na huko alijifunza kwamba neno la mtu aliyevaa nguo nyeupe halipunguzwi wala haliongezwi. Mumewe Byabato, mtu mrefu mwenye mzaha mwingi, alikuwa akimtania kwamba hata mbinguni atasimama mlangoni akisubiri kuambiwa atangulize mguu upi.

Nayasema haya mapema kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba mwanamke huyu alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe, na ninaudhika kila ninapolisikia neno hilo.

Kikohozi kilimwanza Byabato mwishoni mwa mwaka wa sabini na tatu, wakati mkoa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Kwanza alikunywa majani aliyochemshiwa na shangazi yake, kisha akanywa mengine, na huku mshipi wa suruali unaongezwa tundu baada ya tundu. Alipoanza kuamka shuka limelowa jasho, Felicitas alimpandisha basi wakaenda hospitali ya mjini Bukoba.

Kule walikaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya kwanza karani wa kuandikisha wagonjwa alifunga dirisha wakiwa wamebaki watu watatu mbele yao, akaenda kula, asirudi tena. Siku ya pili akawapokea, na jambo la kwanza alilouliza ni kwa nini Byabato amechelewa kuja hospitali mpaka amefikia hali ile. Byabato, ambaye kwa siku zile pumzi yake ilimtosha maneno matano au sita tu, akamjibu kwa adabu, "Jana nilikuwa hapa, bwana mkubwa." Karani hakucheka.

Vipimo vikaonyesha kifua kikuu, akalazwa. Wodini walilala wawili wawili, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake, na Byabato alipangiwa mvuvi wa kisiwa cha Goziba aliyerusha mateke usingizini. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyependa kutaja ugonjwa wa mtu kwa sauti ya kusikika mpaka uani. Lakini haki lazima isemwe: sindano zilikuja kila siku, bure, bila kukosa, na Byabato alianza kurudi mwilini. Na tena kulikuwa na Sada.

Sada alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Bukoba mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, laini, kinakwenda mbio, na Felicitas, ambaye cha kwake kilikuwa cha darasani, alilazimika kumtazama mdomo ili amfuate. Ndiye aliyemhamishia mvuvi kitanda kingine. Ndiye aliyemuuliza mgonjwa kama amelala vizuri, akasubiri kusikia jibu. Felicitas alimpenda kama mtu anavyompenda ndugu aliyemkuta ugenini.

Miezi miwili ilipokwisha, Byabato aliruhusiwa kurudi nyumbani, na dawa ikawa ya vidonge, kimoja kwa siku kwa mwaka mzima. Sada aliwakabidhi bahasha ya kaki, akasema nao polepole. Kidonge kimoja kila siku, akishakula. Wasimpe kabla hajala, kitamkata tumbo atapike. Felicitas aliyarudia maneno yale mara tatu mbele yake, bila kukosea hata moja, na Sada akamsifu.

Walirudi wakakuta kibanja chao cha migomba kinalia. Fukusi walikuwa wametafuna mashina ya migomba, mvua nayo ilikuwa imegoma, na mikungu iliyobaki ilikuwa na ndizi nyembamba zisizofaa hata kumenywa. Ulikuwa mwaka ule wa njaa, mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ulioletwa na serikali. Watu waliupokea, wakausonga ugali, wakaula.

Sasa hapa lazima msomaji asiye wa kwetu anielewe. Mhaya anaweza kushiba viazi, akashiba maharage, akashiba ugali mpaka akalegeza mshipi, na ukimuuliza kama amekula atakuambia bado. Hasemi uongo. Kula ni kula ebitoke, ndizi zilizopikwa zikalainika, zikapakuliwa juu ya jani. Vingine vyote ni vitu vya kumshikilia mtu mpaka chakula kiive. Ugali tuliujua, ulikuwa wa shuleni na jeshini, na hata huko tuliumaliza tukabaki tunauliza chakula ni saa ngapi. Wageni hutucheka kwa hili. Sisi wenyewe hujicheka, halafu tunaendelea vilevile.

Basi Felicitas alifuata maelekezo. Kaka yake Ildefons alikuwa akiishi Buhembe, ambako migomba ilikuwa haijaharibika sana, na kila alipopata nafasi aliwatumia mkungu kwa basi. Mkungu ukifika, siku mbili tatu Byabato anakula, na akishanawa tu Felicitas anamletea kidonge na maji yaliyochemshwa. Mkungu ukiisha, bahasha inakaa. Katika siku za ugali alimwombea tu, akamwomba Mungu asimkatae mtu kwa kuwa hajala.

Siku moja ya Alhamisi, mchana, Byabato alikuwa amemaliza ugali na maharage, amekaa kwenye kiti chake cha uvivu, akasema kifua kinamwasha tena. Akaomba dawa.

"Hujala, Ta Byabato," Felicitas alimwambia. "Sista Sada alisema itakukata tumbo."

"Nipe tu. Nitavumilia."

Aliitoa bahasha, akaishika. Kisha akairudisha mahali pake, akajifunga kitenge, akatoka kwenda kwa jirani yao Mwijage kuomba japo ndizi nne. Mwijage hakuwa nazo. Alikwenda nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka jua likaanza kushuka, akarudi mikono mitupu. Byabato hakuomba tena.

Mwezi ulipokwisha walikwenda zahanati kuchukua dawa nyingine. Mganga wa pale alikuwa kijana kutoka mikoa ya kati, peke yake mbele ya foleni ya watu themanini, na kabati lenye aspirini na klorokwini na hewa. Simwonei. Lakini alipomimina vidonge vya Byabato mezani na kukuta vimebaki kumi na tisa kati ya thelathini, alisimama kabisa, akapaza sauti watu wote wasikie. Alisema dawa hizi taifa linazihangaikia kutoka nje, na huyu mzee anazifuga nyumbani kama kuku. Alisema wakaidi kama hawa ndio wanaorudisha nchi nyuma. Byabato aliinamisha kichwa. Wanakijiji wenzake walitazama pembeni kumwonea haya.

Felicitas ndiye aliyesema. "Daktari, hajala. Siku zote hizo hakuwa amekula."

Uso wa yule kijana ukabadilika hapohapo. Aliketi, akaomba radhi kwa ukali wake, akachukua karatasi na kumwandikia mwenyekiti wa kijiji kwamba nyumba hii ina mgonjwa anayekufa njaa, isaidiwe haraka. Ilikuwa huruma ya kweli, sitaidharau. Na mwenyekiti, Karugendo, ambaye kwa kawaida barua zilimlalia mezani mpaka zikapauka, safari hii alitenda ndani ya wiki. Aliwapelekea gunia zima la yanga.

Felicitas alishukuru kwa mikono miwili. Aliusonga ugali ule kila siku, Byabato akaula kila siku, na kwa wiki nne Byabato alikula mara sita tu. Waliporudi zahanati vidonge vilikuwa vimebaki ishirini na vinne. Mganga alivihesabu, akamtazama Felicitas kama mtu aliyesalitiwa, akavirudisha ndani ya bahasha. Tangu siku hiyo hakuwauliza kitu.

Mwezi wa kumi Byabato akatema damu. Basi la kwenda Bukoba walilipanda akiwa ameegemezwa begani, kitambaa mdomoni, na karani alipokiona kile kitambaa hakufunga dirisha wala kuuliza maswali. Walimrudishia sindano. Siku zikapita, homa isishuke. Daktari alimwambia Felicitas, bila kumzungusha, kwamba ugonjwa umeshaizoea dawa, na kwamba hutokea hivyo kwa watu wanaokunywa leo na kuacha kesho.

Sada hakuridhika na jibu lile. Alimfuata Felicitas nje, kwenye ngazi za wodi, akaketi naye.

"Siku ile mnakuja, kabla ya kupanda basi, alikula nini?"

"Hakula."

"Na siku iliyotangulia?"

"Hakula, sista. Alikuwa na siku tano hajala."

Sada alimkazia macho. Mgonjwa aliyekaa siku tano tumbo tupu hafiki Bukoba akiwa hai. Akauliza swali kwa njia nyingine, sufuriani mlikuwa mnapika nini. Felicitas akamwambia ugali, na maharage, na dagaa wakipatikana.

"Na huo ugali, aliula?"

"Aliumaliza."

Sada aliziba mdomo kwa mkono. Alipoanza kueleza, Felicitas alikuwa ameshaelewa kabla sentensi ya kwanza haijafika mwisho.

"Kosa ni langu," Sada alisema. "Mimi nimezaliwa hapahapa. Nimewasikia mkisema hivyo tangu utoto wangu, tena nikicheka. Ningesema kitu chochote kikishaingia tumboni. Sikusema."

Katika umri wake wote hakuna mtu wa serikali aliyewahi kukiri kosa lake mwenyewe mbele ya Felicitas. Ilikuwa heshima kubwa, na haikumsaidia hata kidogo. Sada alitoa neno tu. Mkono ulioirudisha bahasha mahali pake ile Alhamisi haukuwa wa Sada.

Felicitas alikaa na jambo hilo siku mbili. Alimfulia Byabato mashuka, akamgeuza, akamkanda mgongo. Siku ya tatu alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia yote kwa Kihaya, haraka haraka, kama mtoto aliye kwenye kitubio. Kwamba siku zile za ugali alikuwa amekula. Kwamba dawa ilikuwa haki yake. "Uliniomba, nikakunyima," alisema. "Mimi ndiye niliyekunyima."

Byabato aliitazama dari. Alikusanya pumzi, akaipoteza, akaikusanya tena.

"Ungeumwa wewe, ningekunyima," alisema. Akapumzika. "Ule haukuwa chakula."

Akacheka, au alijaribu kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja mwili mzima. Felicitas alimshika mpaka kikapita. Alikuwa akilia, na ndani ya kilio kile alikuwa akimkasirikia kwa kumsamehe upesi hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe alijua hatajisamehe.

Byabato alikufa wiki ya tatu, Jumanne, mchana. Felicitas alikuwa nyuma ya wodi, kwenye mafiga ya wanaouguza, akimpikia ndizi alizoletewa na Ildefons asubuhi. Sada alikuja akasimama mbele yake, na haikuhitajika aseme. Felicitas aliipua sufuria kwanza, akaifunika kwa majani, akanyoosha kitenge. Kisha akamuuliza Sada kama Byabato amekufa hajala.

Asubuhi ile Sada alikuwa amemnywesha uji kwa mkono wake, bakuli zima. Alimwambia Felicitas kwamba ndiyo, alikuwa hajala.