Mmea wa Saikal

Wanafunzi humwita Profesa Kaliman, naye huitika. Lakini cheo hicho kilimchelewa miaka minne, na kilichokichelewesha ni fyekeo la binamu yake.

Kaliman alizaliwa katika ukoo wa wafugaji wa bonde la Suusamyr. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, mama yake, Saikal, alifungasha hema, akapakia watoto juu ya farasi, wakapanda na kondoo hadi malisho ya juu. Hawakushuka mpaka baridi ianze kuuma. Huko Saikal alimfundisha binti yake kila jani kwa jina: hili huponya tumbo la kondoo, hili humuua. Akikosea hurudia mpaka apatie.

Kaliman alikwenda Bishkek, mji mkuu, kusomea mimea, akabaki chuoni kufundisha. Utawala wa zamani ulipoanguka na mishahara ikakatika, wenzake waliingia sokoni kuuza soksi. Naye aliuza, asubuhi; mchana alirudi kukilinda chumba cha mimea mikavu. Paa likivuja alisukuma makabati peke yake. Majira mamoja ya baridi alichoma viti viwili vibovu vya ofisini ili karatasi zisiote ukungu.

"Unakesha na majani makavu," shemeji yake alimcheka. "Mbuzi ana akili kukushinda."

"Mbuzi angeyala tu, shemeji. Mimi nayasoma."

Kisha akaupata mmea wake. Juni walimu wote husimamia mitihani, Julai husahihisha, kwa hiyo safari zake za bondeni zilikuwa mwishoni mwa Agosti. Miaka mitatu mfululizo aliukuta kwenye mashamba ya nyasi karibu na kijiji: mmea wa jamii ya kunde, urefu wa kiganja, maua ya zambarau, vijani saba, yaani majani madogo, katika kila kikonyo. Mmea unaofanana nao, unaojulikana na wote, hufika kiunoni na una vijani kumi na vitano. Aliupima, akauchora, akautangaza kuwa ni aina mpya, akaupa jina la mama yake aliyekuwa amefariki mwaka huo. Barua za pongezi zilitoka mbali. Kwa sababu ya mmea huo jina lake likapelekwa kwenye baraza la chuo, wampigie kura ya uprofesa mwezi wa Septemba.

Mwaka huo wa kura, Julai ilipoanza, aliomba ruhusa akaenda kijijini kwenye arusi. Alifikia kwa Jumash, binamu yake aliyemzidi miaka sita. Wakati wa chai akatoa karatasi yenye ule mmea uliokaushwa, amwonyeshe jina la mama. Jumash alifuta mikono kwenye suruali, akautazama, kisha akacheka hadi chai ikamwagika.

"Kaka, unacheka nini?"

"Huu si ndio nnaoukata kila mwaka! Nikishapitisha fyekeo, ule mrefu hujikongoja ukaota tena. Mara ya pili huwa hivi, kafupi, kama mzee aliyenyolewa."

"Haiwezekani. Mimi nimekulia bonde hili."

"Umekulia juu, dada, kwenye maziwa ya farasi. Sisi tukifyeka huku chini, nyinyi mko mawinguni. Ulishawahi kuniona nimeshika fyekeo?"

Kaliman aliutazama tena ule mmea. Hakuwahi. Utotoni, majira ya kufyeka yalimkuta malishoni. Ukubwani, yalimkuta kwenye kazi ya mitihani.

"Shamba lako unalifyeka lini?"

"Kesho."

"Usianze bila mimi."

Asubuhi alifunga uzi mwekundu kwenye mashina ishirini ya ule mrefu. Kumi yafyekwe, kumi yaachwe.

"Majirani watanicheka," Jumash alinung'unika. "Nyasi zimevaa utepe kama bibi arusi!"

Mwisho wa Agosti Kaliman alirudi. Mashina kumi yalisimama kiunoni, yamekauka na maganda yake. Mengine kumi yalikuwa na urefu wa kiganja, maua ya zambarau, vijani saba. Alihesabu mara tatu, kisha akaketi palepale penye visiki vya nyasi.

Jumash alisimama mbali kidogo, mzaha umemwisha. "Nimekuharibia, dada?"

"Hujaniharibia. Umenionyesha."

"Na marehemu shangazi? Jina lake je?"

"Mama alikuwa akinichapa nikiita jani kwa jina la jani jingine. Nipe jembe, nichimbue mmoja mrefu na mmoja mfupi."

Mjini, mkuu wa kitivo, Temirkul, alifunga mlango kabla ya kusema. "Dada, kura ni Alhamisi. Haya yaseme Ijumaa."

"Alhamisi watakuwa wanapigia kura nini?"

"Miaka yako thelathini chuoni!"

"Basi waipigie wakijua."

"Hakuna anayejua ila wewe na huyo mkata nyasi."

"Tumetosha."

Alhamisi aliweka mezani, mbele ya baraza, mimea miwili yenye uzi mwekundu, mrefu na mfupi, akaeleza kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe daktari wetu kashindwa na fyekeo!" mmoja alisema kutoka nyuma, wakacheka.

"Ndiyo," Kaliman alijibu. "Na wewe litakushinda, maana Juni na Julai sote tuko humu ndani."

Kura zikatoka: nane za ndiyo, kumi na moja za hapana.

Alishuka moja kwa moja hadi chumba cha mimea. Humo kibandiko cha zamani chenye jina la mmea hakichanwi hata kikiwa na kosa. Kipya hubandikwa kando yake, na aliyesahihisha hutia jina na tarehe. Kaliman alipaka gundi, akabandika. Jina la Saikal likabaki pale pale. Kando yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palisomeka jina la ule mmea wa kawaida, na chini yake: "Umeota baada ya kufyekwa. Alionyesha Jumash, mkata nyasi."

Kisha akapanda ofisini, akaandika barua kwamba hatasimamia tena mtihani wowote wa Juni wala kusahihisha Julai. Majira ya kufyeka yaliyofuata alikuwa shambani kijijini kabla nyasi hazijaguswa, wanafunzi kumi na wawili nyuma yake, na Jumash mbele yao ananoa fyekeo.