Betri Isiyotoa Cheche

Mwishoni mwa mwaka 1994 nilirudi Rwanda, nchi ya wazazi wangu, kama inafaa kusema umerudi mahali ambapo hujawahi kufika. Nilikuwa fundi wa magari kutoka Karagwe, Tanzania, na nilijiona mkubwa. Nikapanga chumba Kabeza, mjini Kigali. Uwanja wa ndege hapo jirani walikuwa wakitafuta mtu wa betri, nikamwambia mkuu wa karakana kwamba betri ndiyo kazi yangu tangu ujana. Akanipa wiki mbili za majaribio, pamoja na trekta dogo la umeme la kuvuta mizigo ya abiria. Jioni ileile nilimwandikia mke wangu afunge virago aje. Trekta lenyewe nilikuwa sijaliona.

Nilipoinua kiti chake nilichoka. Hakuna tangi, hakuna starta, hakuna injini. Kulikuwa na mota, nyaya, na sanduku la chuma lenye seli ishirini na nne. Nikazipima kwa njia niliyofundishwa: unagusisha spana kwenye ncha mbili, cheche ikiruka kwa kishindo, betri ni nzima. Hii ilitoa cheche ya aibu, kama kiberiti kilicholowa. Nikamwambia mkuu imekufa, na nilikuwa na hakika.

Nikafunga betri nne mpya za lori. Cheche zake zilikuwa za kutisha. Trekta liliondoka kwa fujo, nami nikatamba mbele ya wapagazi. Saa tano likaanza kuburuta miguu. Saa saba lilisimama katikati ya uwanja, masanduku ya watu yakipigwa jua. Nikazichaji. Kesho yake lilifika saa nne tu. Kesho kutwa halikutoka hata kivulini.

Nilichanganyikiwa. Betri zinazoamsha lori zima kwenye baridi ya alfajiri zinashindwaje kukokota mabegi? Nikalaumu mota, nikalaumu nyaya, nikalaumu mvua ya Kigali. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa gizani saa sita mchana. Mkuu, aliyekulia Uganda, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Fundi," aliniuliza, "wewe uko mtu wa betri, ama uko mtu wa kusema betri?"

Zilibaki siku nne, na habari zilikuwa zimenifikia kwamba mke wangu ameshauza mbuzi wetu.

Aliyeniokoa ni mama msafishaji, aliyekulia Bujumbura na kusomeshwa na masista. Alinikuta nimekaa chini kwenye chumba cha chaja, nikiitazama spana yangu.

"Fundi, hii kaye ilikuwa mu kabati," akasema, akininyooshea daftari. "Ule alikuwa anatumika hapa njo aliandika." Lilikuwa la fundi aliyefanya kazi hapo kabla yangu, limejaa Kifaransa.

"Mama, mimi Kifaransa sijui. Nisomee."

Akasoma, akinifasiria polepole. Yule mtu aliandika kila siku: amechaji kuanzia saa ngapi, amepima seli ipi. Nyuma ya jalada aliacha maelezo kwa atakayemrithi. Betri ya gari la petroli hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu; injini ikishawaka, inairudishia kilichotoka. Betri ya trekta haina wa kuirudishia. Sahani zake ni nene, hutoa kidogo kidogo kutwa nzima, kisha huchajiwa kwa saa nyingi bila haraka. Ikipungukiwa, iongezwe maji, si asidi. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu.

Mama akafungua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa wa Aprili, mwezi yale mauaji yalipoanza. Akaufuata mstari kwa kidole.

"Anasema seli zimepunguka maji. Ameleta madumu mawili. Kesho ataongeza."

Madumu mawili yalikuwa pale kwenye kona, vifuniko havijafunguliwa. Siku zote hizo nilikuwa nikiyaruka, nikidhani ni asidi. Sikumwuliza mama habari za yule mtu.

Nikajaza maji seli zote za zamani, nikaziacha kwenye chaja siku mbili, kisha nikazirudisha kwenye trekta. Siku ya nne, ya mwisho ya majaribio, trekta lilivuta mizigo toka asubuhi hadi jua kuzama, taratibu, bila mbwembwe. Nikamwendea mkuu nikamwambia betri haikuwa imekufa, mimi ndiye sikuijua. Akaniambia nije Jumatatu.

Nikarudi kwenye chumba cha chaja, nikafungua daftari. Chini ya mstari wake wa mwisho nikaandika kwa Kiswahili: maji yameongezwa.