Springi ya Pikipiki ya Dresa

Mwaka jana, rafiki yangu, nilishuka basi pale Mkumbara kunyoosha miguu, nikamwona fundi wa bodaboda amepiga magoti kando ya barabara, akiibana springi ya shokapu kwa chombo alichojitengenezea mwenyewe. Vyuma viwili, bolti mbili ndefu, basi. Nilirudi nyuma hatua tatu bila kujijua. Wajukuu wangu wakacheka, wakadhani bibi ameona nyoka.

Nimekulia kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa fundi wa karakana. Nyumba yetu ilinuka maji ya mkonge, na mama alisonga ugali huku mngurumo wa korona, ile mashine ya kukamulia majani, ukitikisa vyombo kabatini. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa na vidole vitatu. Viwili viliondoka na springi ya pikipiki, iliyomchomoka alipokuwa akiibana kwa kamba. Tangu hapo mama alimwapisha asiziguse tena.

Masika moja ikaja habari kwamba ndui imeingia vijiji vya upande wa Mkata. Bibi, mama yake mama, aliishi huko, na mdogo wangu wa miaka mitatu alikuwa kwake. Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati ya shamba, alikuwa na chanjo, lakini dawa ile haikustahimili joto. Malori yalikuwa yamekwama matopeni. Pikipiki yake ingepita, ila ilikuwa imelala karakana, springi nene ya mbele, ile inayokaa chini ya taa, imekatika vipande viwili. Springi mpya ilikuwepo. Chombo cha kuibana mpaka iingie mahali pake ndicho hakikuwepo. Meneja alisema kitaagizwa Ulaya.

"Fundi, kesho chanjo hii itakuwa maji tu," dresa alisema.

Baba alimtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, kanga kaifunga kiunoni. Mama akaikaza kanga yake.

"Mtoto wangu yuko kule, mama yangu yuko kule," akasema. "Lakini si kwa kamba, baba watoto. Kwa kamba sikubali."

Basi baba akatengeneza kibano. Alichukua vipande viwili vya chuma kutoka korona iliyokufa, akavitoboa matundu kwa keekee ya mkono, mimi nikidondoshea mafuta na moshi ukinichoma macho. Bolti mbili zikapita, chuma juu, chuma chini, springi katikati. Wakakaza nati, baba upande wake, dresa upande wake, nusu mzunguko kila mmoja, maana upande mmoja ukitangulia springi itaruka. Jasho la baba lilidondoka juu ya chuma.

Springi ikanywea, wakaipachika. Ikabaki pini ya kuishikilia, na pale pa kuipitishia hapakuenea mkono wa mtu mzima. Baba akajaribu kwa vidole vyake vilivyobaki, pini ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka. Akageuka kunitazama. Nilikuwa na miaka kumi.

"Hapana," mama akasema.

"Nitaweza," nikasema.

Baba akachuchumaa mbele yangu. "Sikiliza, mama. Ukisikia chuma kinalia, usitazame. Toa mkono."

Nikaingiza mkono. Pini iliteleza kwa grisi, ikaingia nusu, ikagoma. Ndipo chuma kikalia, mlio mwembamba kama wa mbu, na nikaona kipande cha juu kinapinda.

"Toa!" baba akapiga kelele.

Sikutoa. Hadi leo sijui kama ulikuwa ujasiri au nilikuwa nimeganda kwa woga. Nilisukuma kwa kidole gumba, pini ikazama. Baba akanivuta, tukaanguka wote sakafuni, na papo hapo bolti moja ikakatika, nati ikatoboa bati la paa. Springi haikutikisika.

Dresa aliondoka adhuhuri, sanduku la chanjo limezungushiwa majani mabichi ya mgomba. Siku nne hatukusikia neno. Mama alipika, hakula. Siku ya tano dresa alizima pikipiki mbali, akaja kwa miguu, na mama akajua.

"Mtoto nimemchanja, hajambo," alisema. "Mama yako nilimkuta ameshatoka vipele. Alinizuia nisimshughulikie yeye mpaka nimalize watoto wa kijiji kizima. Nilipomaliza, alikuwa amekwenda."

Shamba lile sasa ni pori na mahindi. Baba na mama wametangulia, dresa sijui aliishia wapi. Mdogo wangu naye amekuwa bibi, anaishi Chanika, na mara kwa mara hunipigia simu kuuliza, "Dada, hivi bibi yetu alikuwaje?" Namsimulia alivyochekecha unga, alivyoita kuku kwa Kizigua, na namwigizia sauti yake. Yeye hufurahi sana. Sijamwambia kwamba siku hizi sina hakika tena kama sauti ile ni ya bibi, au ni yangu mwenyewe.