Saa Iliyotundikwa Upande

Mteja anayeingia kwa Fundi Saa kwa mara ya kwanza humwonea huruma. Ukutani, nyuma ya meza ya kazi, zimetundikwa saa kumi na moja. Kumi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Ya kumi na moja, ile ya sanduku la mbao nyekundu na sahani ya shaba inayobembea tumboni, imeinama kushoto kwa upana wa kidole gumba. Na kwa kuwa imeinama, inachechemea. Nyingine zinasema tik, tak, tik, tak. Yenyewe inasema tik-tak, inasita, tik-tak, inasita.

"Fundi, saa yako ile imelala upande," mteja humwambia.

"Naijua," hujibu yeye, lenzi ikiwa bado imebanwa jichoni.

"Si uinyooshe?"

"Iko sawa hivyohivyo."

Mteja hutoka akitikisa kichwa. Mganga hajigangi, husema, na mzee mwenyewe keshachoka. Mimi hunikera sana maneno hayo, maana watu wepesi wa kuhukumu ndio wavivu wa kuuliza. Wangeuliza, wangeambiwa hivi.

Miaka arobaini na kitu iliyopita, Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na kichumba chake cha kazi kilikuwa hichohicho, kimebanwa katikati ya kinyozi na mshonaji. Mafundi wengi wa saa wana macho. Huyu alikuwa na sikio. Bwana mmoja mkali aliyemfundisha kazi alimzoeza kufumba macho kabla ya kufungua saa yoyote, asikilize kwanza inavyotembea. "Saa nzima hupiga hatua sawa," alimwambia. "Inayochechemea ni mbovu, hata kama bado inakwenda." Kijana aliishika kauli hiyo kama sala, na kama vijana wengi wenye kipaji, akadhani dunia nzima ni saa.

Basi hebu fikiria adhabu yake. Kinyozi wa jirani, mzee mnene mwenye mikono laini, alikuwa zamani amepiga besi katika bendi ya hoteli, na bendi ilipovunjika akabaki na santuri mbili tatu, ambazo kila mwaka zilizaana. Juu ya rafu, kati ya chupa za spiriti na kopo la poda, aliweka gramafoni, na tangu anafungua mlango mpaka anaufunga, ilipiga jazi. Si muziki wa dansi ambao mtu angeweza kuimba akiwa bafuni. Hii haikuwa na maneno. Tarumbeta ilianza jambo, saksafoni ikalikatiza, piano ikacheka pembeni, na ngoma nyuma yao ikawa inaburuta mguu. Fundi, akiwa upande wa pili wa ukuta mwembamba, aliona ni watu wazima wanne waliopotezana sokoni, kila mmoja anaita wenzake na hakuna anayeitika.

Jambo moja tu lilimfariji. Mshonaji wa upande wa pili alikuwa binti wa kinyozi, na mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane, alipita mbele ya mlango wa Fundi na chupa ya chai ya baba yake. Utotoni aliugua, na ugonjwa ulimwachia mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Fundi alizijua hatua zake kabla hajaijua sura yake. Kila alipozisikia, aliweka kibano chini.

"Karibu, dada," alimwambia kila siku.

"Asante, napita tu," binti alijibu kila siku, na kila siku kwa kicheko kidogo mwishoni.

Ukweli ni kwamba Fundi alimpenda kwa sikio. Lakini sikio hilohilo, lililogundua kasoro ya saa iliyo nyumba ya tatu, halikuwahi hata mara moja kuita hatua zile kuchechemea. Zilikuwa hatua zake, basi.

Jumatatu moja uvumilivu ulimwishia. Akajifuta mikono, akaingia kwa jirani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana. Kaa nikupunguze."

"Sikuja kunyoa. Nimekuja kwa ajili ya mashine yako. Inaumwa."

Kinyozi akasimamisha mkasi. "Inaumwa nini?"

"Inachechemea. Mota haizungushi sawasawa, na inaziharibia hizo nyimbo mwendo. Nipe siku tatu."

Kinyozi akawatazama wateja, wateja wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, maana kicheko kingetangulia kutoka. "Chukua," akasema mzee.

Kwa siku tatu Fundi aliiacha kazi ya watu. Aliifungua ile gramafoni, akaisafisha, akaitia mafuta, akakata mkanda mpya wa mpira, kisha akaketi na saa mkononi kuhesabu mizunguko ya sahani: thelathini na tatu na theluthi kwa dakika, haizidi, haipungui. Akairudisha huku kifua mbele. Kinyozi akaweka santuri, akashusha sindano. Ngoma ikaanza kuburuta mguu, vilevile kama zamani.

Duka zima lililipuka. Mtu mmoja aliyekuwa ananyolewa nusu kichwa alianguka kutoka kitini. Kinyozi alijifuta machozi kwa taulo la mteja. "Kijana wangu, umemtibu asiyeumwa! Ndivyo unavyopigwa huo. Ndivyo wenyewe wanavyoutaka!"

Aibu ya kijana hugeuka hasira upesi kuliko maziwa yanavyochemka. "Basi wabovu ni wapigaji," Fundi akasema, sauti juu. "Kitu kinachochechemea ni kibovu, Mzee. Hakuna namna ya kukipamba. Kibovu ni kibovu."

Kicheko kikakatika. Kwa muda alidhani ameshinda. Kisha akaona kinyozi hamtazami yeye, anatazama mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama binti na chupa ya chai.

"Chai yako, baba," akasema. Akaiweka chini, akageuka, akaondoka. Ndipo Fundi alipozisikia hatua zile kwa sikio la kazi, kwa mara ya kwanza. Tik-tak, zikasita. Tik-tak, zikasita. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na dole lake lilikuwa zima kabisa.

Tangu siku ile binti hakupita tena mbele ya mlango wake. Alizungukia nyuma, kwenye kichochoro cha maji machafu, njia ndefu mara tatu, na mguu ule. Saa nne ilifika, saa nane ikafika, na kibano hakikuwekwa chini. Fundi alikonda. Alijua sasa anachokitaka duniani, na alijua ni nani aliyekifukuza.

Siku ya tano akajikaza, akaenda kwenye chumba cha kushonea.

"Dada, yale maneno sikukukusudia wewe."

Binti hakuacha kukanyaga cherehani. "Najua hukunikusudia, kaka. Ungenikusudia ningejua la kukujibu. Wewe ulisema unachokiamini."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nina nguo za watu hapa."

Fundi alirudi akaketi mbele ya saa zake, akilirudiarudia jibu lile. Kuomba radhi kwa neno ni rahisi. Imani unaiombea radhi vipi? Aliona hana njia ila kwenda kuisikiliza ile kelele mpaka ajue kama kweli ni mbovu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye akainamisha kichwa, kwa maana halisi, kwenye kiti cha kinyozi.

"Ninyoe, Mzee."

Kinyozi aliweka santuri, akanyoa polepole kwa makusudi. Jumamosi ya kwanza Fundi alitoka na maumivu ya kichwa. Ya pili, mzee akamwambia, "Acha kuifukuzia ngoma. Sikiliza mguu wangu," akawa anagonga sakafu kwa kisigino. Ya tatu, nywele zikawa hakuna. "Umebakiza nyusi," akasema kinyozi, "na hizo sizigusi, ni za mama yako." Akaendelea kuchezesha mkasi hewani ili mteja asione aibu ya kukaa bure.

Jumamosi ya nne Fundi alikuja na saa yake ya mfukoni. Mwenye kazi yake haachi kazi yake. Aliishika chini ya shuka la kunyolea, akahesabu: dakika ya kwanza, mapigo mia na ishirini na manane. Dakika ya nne, baada ya saksafoni kuzunguka kote ilikozunguka na tarumbeta kusinzia na kushtuka, mapigo mia na ishirini na manane. Akaomba irudiwe. Ikawa ileile.

"Mzee," akasema, "hawa hawachelewi."

"Nani kakuambia wanachelewa?"

"Wanachechemea wote wanne, kila mtu kivyake. Lakini wanafika pamoja. Wanafika kwa wakati."

Kinyozi akaweka mkasi chini. "Wengine huujua kwa kiuno, wewe umeujua kwa saa. Haya, kila ndege huruka kwa ubawa wake." Akageuza santuri upande wa pili.

Na wiki iliyofuata hakuja na saa. Kulikuwa na mahali saksafoni ilishuka chini, ikakaa kimya kidogo, kisha ikatoa sauti moja tu, nyembamba, baada tu ya pale ulipoitegemea. Nywele zingemsimama, kama angekuwa nazo. Akajikuta anacheka peke yake chini ya shuka.

Lakini binti alikuwa bado anapita kichochoroni. Kujua kwako hakumfaidii mtu asiyejua kwamba umejua. Ndipo Fundi alipoitoa saa yake mwenyewe ya ukutani, ile ya mbao nyekundu, ya kwanza kuifufua kwa mikono yake, akaipeleka kwenye chumba cha kushonea na nyundo na msumari. Akaitundika upande.

Binti aliisikiliza. "Inachechemea," akasema, uso mkavu.

"Ndiyo."

"Umeniletea kitu kibovu?"

"Ikae wiki. Halafu ilinganishe na saa ya redio."

Wiki hiyo Fundi hakutengeneza chochote cha maana. Jumatatu, saa nne, alisikia hatua, na hazikutoka nyuma. Zilikuja njia ya mbele. Kibano kikamponyoka chenyewe.

"Imelingana na redio," akasema binti, amesimama mlangoni na chupa ya chai. "Haijakosa hata dakika moja."

"Ndiyo."

"Ungeliamini hilo bila kupima?"

Angeweza kudanganya, na mtu mwerevu zaidi angedanganya. "Hapana," akasema. "Ilibidi nipime."

"Na mimi? Ulinipima?"

"Wewe nilikuwa nakusubiri tu. Saa nne mara moja, saa nane mara moja."

Binti alitazama kile kichwa kipara kinachong'aa, na kile kicheko kidogo kikarudi. "Haya basi, sema karibu," akamwambia. Akasema. Siku hiyo binti hakupita tu. Aliketi kwenye kigoda, na chai ya baba yake ikapoa.

Harusini watu walinong'ona ile methali yao, mpenda chongo huita kengeza. Fundi aliisikia, maana alisikia kila kitu, akasimama mbele ya wakwe na wajomba akasema, "Sikuita kengeza mimi. Anachechemea, na napenda anavyochechemea." Wazee walikohoa. Bi harusi ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Walikaa miaka thelathini na tisa. Kinyozi alipofariki aliwaachia gramafoni na santuri zote, na siku ya kwanza ilipopigwa nyumbani mkewe akaziba masikio. "Hizo kelele za baba? Sijawahi kuzipenda. Mimi napenda nyimbo zenye maneno." Fundi alicheka mpaka akapaliwa: alinyolewa kipara bure! Basi jazi akawa anaisikiliza yeye, Jumapili mchana, amefumba macho, na mkewe akipita nyuma yake kwenda jikoni na kurudi. Mara nyingine hatua zake ziliangukia palepale kwenye ngoma, wala mwenyewe hakujua. Fundi husema muziki aliousikia nyakati hizo haupo katika santuri yoyote.

"Karibu," alimwambia kila alipopita.

"Napita tu," mkewe alijibu.

Kisha akapita moja kwa moja, miaka minne sasa tangu tumzike. Saa ya mbao nyekundu ilitoka chumba cha kushonea ikaja dukani, na ikatundikwa ilivyozoea.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja karani, mpole, na saa ya mkononi yenye springi iliyokatika. Fundi akapiga magoti kutafuta boksi chini ya meza. Akiwa huko chini, ghafla duka likawa sawa. Saa zote kumi na moja zilipiga hatua pamoja, tik, tak, tik, tak, wala hakuna iliyosita. Alibaki amepiga magoti, mkono kwenye boksi. Ilikuwa kama mtu ametoka chumbani na hajaaga.

"Nimekunyooshea ile saa, baba," akasema yule mama kwa furaha. "Nimeona mkono wako haufiki."

"Asante, mwanangu," akajibu, na alimaanisha, kwa kuwa wema ni wema. Akaweka springi mpya, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Kisha akapanda kigodani, magoti yakilia, akaweka kidole gumba chini ya pembe ya sanduku. Akasukuma, akafumba macho, akasikiliza. Imezidi. Akairudisha kidogo. Bado. Kidogo tena. Tik-tak, ikasita. Tik-tak, ikasita.

"Karibu," akasema Fundi.

Akabaki juu ya kigoda, mkono umeshika ukuta, anaisikiliza inapita.