Nilitoa Siri ya Mzazi, Kisha Nikampelekea Isale

Msinipe pole. Wanaonijua hapa Moshi wamenipigia simu kunipa pole kwa sababu kituo changu kimefungwa, na kila pole inanitia aibu. Kituo nimekiua mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Nilikifungua Njoro, hapa hapa mjini. Mimi ni muuguzi, baadaye nikasomea na ushauri nasaha. Nilikuwa nimeona wajawazito na wazazi wengi, yaani waliojifungua karibuni, wakipimwa presha na uzito, wakiambiwa wanaendelea vizuri, kisha wakienda kulia chooni. Nikasema mimi nitamhudumia mama mzima mzima: mwili, akili, roho na familia yake. Walikuja kuongea, kukandwa mgongo, kufundishwa kupumua, na mwisho kila mmoja bakuli lake la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Jamani, nilijiona! Kwenye sherehe nilitambulishwa kama "mama wa wazazi", nami napunga mkono.

Huyu nitamwita Upendo, ingawa si jina lake. Alianza kuja akiwa na mimba yake ya kwanza. Alipojifungua, mama mkwe wake akamchukua kumlea uzazi nyumbani kwake, juu ya Bomang'ombe, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kwetu mzazi ni malkia. Miezi mitatu hatoki, hashiki jembe, kazi yake ni kula, kunywa maziwa na kunyonyesha. Mume wake anaongoza watalii, muda mwingi yuko mlimani. Basi mimi nikawa napanda kumwona huko huko.

Siku moja mkwe alitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Upendo akanishika kanga. Akaniambia nyuma ya nyumba unapita mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba, na kila akisikia maji yale anajiona anamwachia mtoto humo. Hataki. Anampenda mwanawe. Anaiogopa mikono yake mwenyewe mpaka hathubutu kumwogesha mtoto akiwa peke yake.

"Dada, usimwambie mama," akasema. "Nitakuwa kichaa wa ukoo."

Nikamwambia hayo yanabaki kati yetu sisi na Mungu.

Na nilijua la kufanya! Hapo ndipo ninapojichukia. Nilishafundishwa kwamba mawazo ya namna ile huwavamia akina mama wengi wanaowapenda watoto wao. Nilitakiwa nimuulize zaidi taratibu, nimweleze kwamba jambo hili linataka daktari, kisha tushuke naye mjini yeye akijua kila hatua. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani.

Nikatoka nje, mkwe amerudi. Akaniwekea sahani ya nyama ya mbuzi na ndizi, na mkungu mzima wa ndizi ukaegeshwa mlangoni niondoke nao. Mama yule ni kiongozi wa akina mama wa usharika, akisema watu wanasikia. Akaniambia anataka niende kuzungumza na wenzake kanisani, maana mtaalamu kama mimi hawajapata kumwona. Kisha akauliza Upendo anaendeleaje.

Nilikuwa natafuna. Nikameza, nikasema. Nilianza na "asiachwe peke yake na mtoto", akataka kujua kwa nini, nikammwagia yote hadi habari ya mfongo. Nikajidanganya kwamba huko ndiko kushirikisha familia. Kushirikisha gani! Nilitaka kuonekana mtaalamu mbele ya mwenye sahani. Mpaka leo harufu ya nyama ile inanipanda kooni.

Jumapili iliyofuata, kanisani, akina mama wakamwombea Upendo kwa jina. Mume aliposhuka mlimani alikuta ukoo umeshakaa na kuamua, naye akainamisha kichwa akaafiki. Mtoto akaachishwa ziwa, akawa ananyweshwa maziwa na bibi yake kwa kikombe. Upendo akarudishwa kwa baba yake, huko Rau, uzazi haujaisha, matiti yamejaa. Nilisikia anayakamua kwenye bakuli na kuyamwaga chini ya mgomba. Na mimi niliposikia hayo nilikuwa nikiwaambia watu nimeokoa mtoto. Nimeokoa!

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Habari za maombi yale zikashuka hadi mjini, na kule Njoro akina mama wakaanza kupungua. Waliobaki walikuja kukandwa tu. Nikiwauliza wanajisikiaje, wananijibu salama huku wakitazama ukuta. Mmoja, mimba yake imekaribia kabisa, alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, na hili langu litaombewa Jumapili?" Akachukua mkoba wake akaondoka.

Hapo ndipo nikaamua kwenda kuomba msamaha. Someni vizuri. Upendo alipokuwa analia sikwenda. Nilikwenda wateja walipokimbia.

Nikakata isale kwenye ua wa kihamba cha baba yangu. Kwa asiyejua, isale ni jani letu la amani. Mkosaji akikuletea hulikatai, hata kama mligombana hadi mkatoana damu. Unalipokea, na ugomvi unakwisha. Wazee wetu walikuwa na busara, ila hawakumfikiria mtu kama mimi. Nililikata jani lile kwa sababu nilijua yule binti hana njia ya kulikataa. Uchafu ulioje!

Rau nilimkuta uani anafua, amekonda hadi shingo. Nilimwamkia baba yake shikamoo, nikapiga magoti pale pale mbele ya mzee, makusudi, nikanyoosha jani. Maneno ya msamaha nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani, yakatoka vizuri mno. Mzee akamwambia bintiye, "Isale halikataliwi, mwanangu."

Upendo akafuta povu kwenye kanga, akalipokea. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamuuliza anajisikiaje.

"Jani nimelipokea, dada," akasema. "Ya moyoni mwangu simwambii mtu tena."

Akarudi kwenye beseni lake. Mtoto wa jirani alipotambaa karibu naye, aliificha mikono nyuma ya mgongo. Bado anaumwa, na aliyemziba mdomo ni mimi niliyejitangaza kuwa wa kumsikiliza.

Ninyi mnaokaa na wazazi, uwe muuguzi, mkunga, mama mchungaji au msusi tu, sikieni. Mama akikufungulia moyo na wewe ukaogopa, mwambie yeye kwamba umeogopa, mshike mkono, mwende kwa daktari wote wawili. Usikimbilie jikoni kwa mkwe. Na ukishamuumiza mtu, usimpelekee jani ili upumue wewe.

Mtoto bado yuko kule juu kwa bibi yake. Anayeweza kusimama mbele ya mama yule na wenzake na kusema kwamba nilikosea, kwamba Upendo ni mgonjwa anayetibika, na kwamba mtoto arudishwe kwa mama yake, ni mimi peke yangu. Sijaenda. Nilipiga magoti kwa asiyeweza kunikatalia. Kwa yule anayeweza kunifukuza, hata simu sijapiga.