Kitambaa cha Mzee Hudson

Mzee Hudson, msimamizi wa kituo cha walimu pale Voi, simpendi, na nimechoka kuficha. Watu watakwambia ni mtu mwema: haibi, halewi, Jumapili hakosi kanisani. Ni kweli. Angekuwa mwizi ningemshtaki. Huyu ningemshtaki kwa lipi?

Alizaliwa Mghange, huko milimani, katika nyumba ambayo vyombo vizuri vilifungiwa kabatini vikingojea mgeni, na watoto wakanywea vikombe vya bati. Alipoajiriwa na kujenga kwake, kabati likawa lile lile: vikombe vya maua, juu yake kitambaa cheupe alichofuma mkewe, na ole wake mtoto atakayegusa. Usidhani ana mkono wa birika. Ukienda kwake unachinjiwa kuku. Ila kitu kizuri, kwake yeye, ni cha mgeni, basi.

Mwaka wa tisini na tisa wafadhili walituletea kompyuta kituoni, pamoja na laini ya simu waliyoilipia mwaka mzima, ili walimu tupate masomo ya bure kwenye intaneti. Mimi nilikuwa nimeshayaona kwenye semina Mombasa. Kemia nzima imo, majaribio ya maabara yameonyeshwa kwa picha hatua kwa hatua, na mwalimu yeyote anaruhusiwa kuyachapa awape wanafunzi wake. Nilitaka kulia. Shule yangu haikuwa na maabara, na watahiniwa wangu wa kidato cha nne hawakuwahi kuona asidi ikidondoshwa tone kwa tone mpaka maji yageuke rangi. Mmoja wao alikuwa Daisy, binti wa Hudson mwenyewe. Daisy alitaka unesi, na bila kemia unesi huupati.

Nikaenda kituoni. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Hata nailoni iliyokuja nayo ilikuwa bado haijatolewa.

"Mzee, nataka asubuhi moja tu," nikamwambia.

"Madam Faiza, ngoja kwanza wenyewe waje waione. Ikiharibika nitawaambia nini?"

"Wenyewe ni sisi. Tumeletewa sisi."

"Akiba haiozi, madam."

Nilirudi tena na tena. Nikaenda na mwalimu mkuu wangu, tukapewa soda tukarudishwa. Nikamtaja Daisy, nikidhani hapo atalainika. "Daisy ana akili, atapita tu," akasema, akainama kukung'uta vumbi kwenye pindo la kitambaa. Wallahi nilitamani kukivuta kile kitambaa nikakifanye tambara la kupigia deki.

Oktoba mgeni akaja, mama wa makamo kutoka Nairobi aliyetumwa na wafadhili. Hudson alivaa suti. Walimu tuliitwa, tukapangwa vitini. Akakiinua kitambaa kwa vidole viwili, akarudi nyuma ili mgeni aone vizuri.

"Haijaguswa," akasema. Alijaa furaha, mtu mzima yule.

"Na walimu wanaitumiaje?" mama akauliza.

"Hawajaitumia. Nimeitunza."

Yule mama alitutazama sisi, akamtazama yeye. Hakugomba. Alisema tu kwamba kuna vituo vingine vinavyolilia mashine, na hii itapelekwa huko. Dereva akaibeba mpaka garini. Hudson akatoka mbio nyuma yake na kitambaa mkononi, akamsihi aifunike, njiani kuna vumbi. Nilicheka kwa hasira mpaka wenzangu wakanifinya ninyamaze.

Mtihani ukafika, vifaa vikaazimwa kwa siku ile tu. Daisy akadondosha asidi yake, maji yakageuka rangi, naye asijue kuwa ndiyo hiyo. Akaendelea kudondosha, akingoja rangi ikolee. Alinieleza mwenyewe baadaye, amesimama nje ya darasa, akaniuliza alipaswa kukomea wapi. Matokeo yalipotoka, kemia ikawa imemwangusha. Unesi ukaishia hapo.

Nikapanda Mghange kumpa pole. Hudson alikuwepo, akanipokea vizuri kama kawaida yake, akamwita Daisy alete chai. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mzee huyo, lakini nilikuwa chini ya paa lake, nikayameza. Yeye mwenyewe alikuwa na kikombe chake cha bati.

Daisy akalifungua kabati. Akakikunja kitambaa, akakitupa kitini, akatoa vikombe viwili vya maua. Kimoja akanimiminia mimi. Cha pili akajimiminia mwenyewe, akaketi.

"Daisy," baba yake akasema, "hivyo ni vya wageni."

"Najua, baba," Daisy akasema, akanywa.