Miche ya Serikali Iliyokauka Nyuma ya Jiko

Kuna siku moja naikumbuka bila kutaka, mwanangu, na leo utaisikia hata kama una haraka ya kwenda Butembo.

Nilikuwa kijana wa Vuhovi, nimeoa juzi tu, kichwa kimejaa mbao. Chini ya shamba letu palikuwa na chemchemi, na kijito chake kiliteremka hadi kwa majirani. Serikali ikamtuma agronomu, bwana shamba mpole mwenye viatu vya mpira, atugawie bure miche ya mianzi na majembe mapya. Alitukusanya kanisani akasema: "Mianzi, muipande pembeni ya maji, ishike udongo. Lakini karatusi, hapana! Karatusi inakunywaka maji yote."

Tukapiga makofi. Jembe nililipokea kwa mikono miwili. Miche niliitupa nyuma ya jiko, ikakauka, mbuzi wakaimalizia. Kisha kwa jembe lile lile la serikali nikachimba mashimo kuizunguka chemchemi, nikapanda mikaratusi. Mafundi wa Butembo walitaka mbao. Mianzi nani aliitaka? Cheka, mwanangu, hata mimi nilijiona mjanja.

Mama alinikuta nikishindilia udongo. Mjane yule hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ile maji njo nilikukomalishaka nayo," akasema, yaani ndiyo maji aliyonilea nayo. "Donc leo unaiharibu sababu ya mbao?" Nikamjibu kwamba wazee huogopa kila kitu kipya. Neno hilo kama lingemezeka, ningelimeza leo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Miti ilikua vizuri mno. Nikaikata, ikachipuka, nikaikata tena. Nikamwezekea Mama nyumba kwa mabati, watu wakanisifu. Chemchemi nayo ikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka kiangazi kimoja yakabaki matope. Niling'oa visiki, nikatafuta mianzi mwenyewe, nikaipanda. Maji hayakurudi.

Mama akaanza kuteremka hadi mtoni, bidoni la maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, pale watu wanapooshea pampu za kunyunyizia mboga dawa ya wadudu. Tumbo likamshika. Alipolala kitandani nilimwonyesha paa, nikidhani nitamfurahisha. "Aksanti ya mabati," akaniambia. "Lakini mabati, batu banakunywaka?" Tulimzika juma lile. Majirani wa chini walikuja na maji waliyoyachota mbali, na hakuna aliyenilaumu. Hiyo iliniuma zaidi.

Serikali nayo, siifichi aibu yake, haikutuma mtu kutazama kama miche imeshika. Inagawa, inaondoka. Nina hasira nayo mpaka leo. Lakini kupanda mwanzi mmoja kulihitaji mkono wangu, si wa waziri.

Sasa wameleta miche tena, na nimewaona ninyi vijana mkigombania majembe. Chukueni, majembe hayana dhambi. Ila miche ipandeni siku hiyo hiyo, pembeni ya maji, na mwache hatua kumi kutoka majini bila kulima. Pampu zenu msizioshee mtoni. Agronomu asiporudi, mfuateni bureau, ofisini kwake, mkamsumbue. Na mama yako akikukataza, weka jembe chini kwanza, umsikilize.

Mungu akujalie watoto watakaokusikia kuliko nilivyomsikia mama yangu, mwanangu, na mama yako azeeke akichota maji hapo hapo karibu na mlango wake.